Gari la Kumtoa Mounira

Honi ilisikika kwanza, laini kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Idrissa, aliyelala chini ya jipu la marehemu baba yake, aliyajua magari yote ya mtaa wao wa Kasuku, mjini Kindu, kwa sauti. Hili hakulijua. Alipotoka na grisi hadi viwikoni, aliona gari jeupe linang'aa mlangoni, na ndani yake Yassine, mtoto wa baba yake mkubwa, ambaye wazazi wake walimtorosha kutoka Kindu wakati wa vita, akarudi mwezi uliopita tu.

Moyo ulimwaka. Leo dada yake Mounira alikuwa anapelekwa kwa mume. Kwao, bibi harusi hutoka kwa gari la nyumbani; akitoka kwa gari la wageni, mtaa mzima utasema hana watu.

"Nimekuja kumutoa dada," Yassine alisema, akizungusha ufunguo kidoleni.

"Na gari la wageni hilo?"

"La wageni! Na lako njo nani alilifanya? Babu yetu? Si Mujapani?"

Wanawake waliokuwa wakipika uani waliangua kicheko. Kilimchoma Idrissa kuliko neno lenyewe.

"Mujapani alilizaa, baba akalilea!" alifoka. "Wakati wa vita treni haifiki, boti hazifiki, spea utatoa wapi? Baba alilitia sakafu ya mbao zilizotoka msitu wa Punia. Springi alizichonga kwa chuma cha behewa lililokufa pale gare, treni zinaposimama. Mazutu ilipokwisha, dizeli hata tone hakuna, lilikunywa mawese! Lako limekunywa nini cha Kindu, weye?"

"Vumbi."

Wakacheka tena. Yassine mwenyewe hakucheka.

"Injini ya nchi hii, vioo vya nchi ile, limeunganishwa Afrika Kusini, nikalinunua Dar es Salaam. Na mimi nimezaliwa hapa, nikakulia mbali. Basi na mimi ni mugeni?"

Idrissa alitaka kujibu ndiyo. Alimwonea wivu kwa kila kitu: shati, viatu, hata kile kiti ambacho tantine Hawa, shangazi yao, alikwisha kumletea kabla hajakiomba. Miaka yote ya vita na baada ya vita Idrissa alikuwa hapa, na hakuna aliyewahi kumkimbilia na kiti.

Ndipo Mounira akatoka chumbani, hina mikononi, shela imemfunika mabega.

"Yaya," alimwita kaka yake, "nitapanda la Yassine."

"Amekupa nini huyu?"

"Hajanipa kitu." Alimsogelea ili wanawake wasisikie. "Zile mbao za Punia, nani alilala juu yake?"

Idrissa aligeuka kulitazama jipu. Wakati wa vita mama yao alipigwa risasi akitoka kisimani. Baba aliliendesha jipu kama mwenda wazimu hadi hospitali, Mounira nyuma, mdogo, ameshika mguu wa mama. Walirudi naye juu ya mbao zilezile, amefunikwa kitenge.

"Watu wanasema la kwetu," Mounira alisema, "kwa sababu wakati wa vita lilibeba maiti wa kila nyumba. Ni la kwetu, sibishi. Lakini leo nataka kucheka, yaya."

Tangu siku mama alipokufa, Mounira hakuwahi kulipanda jipu. Sokoni alikwenda kwa miguu, hata mvua ikinyesha, na Idrissa siku zote alidhani ni maringo. Hakuwahi kumuuliza.

Alifuta mikono kwenye suruali, akaufungua mwenyewe mlango wa gari jeupe. Viti vilinukia upya. Wivu haukumtoka. Mounira alipokwisha kuketi, aliikunja shela yake isibanwe na mlango, kisha akainama dirishani na kusema kwa nguvu, makusudi, ili Yassine, aliyekwisha kushika usukani, asikie vizuri:

"Mounira, sikiliza. Siku utakayojifungua, mimi njo nitakuja kukuchukua hospitali, na gari la baba. Mutoto wako atalala palepale mama alipolala, na tutamrudisha nyumbani muzima, analia. Nakuahidi, na huyu Yassine awe shahidi."