Kitabu Chenye Saini Hakirudi

Machungwa yalishuka kwenye mkanda wa banda la kufungashia bila kupumzika, na Carmel Zappia aliyapokea kama alivyoyapokea kila majira ya baridi tangu ujana wake: yenye kovu kushoto, safi kulia, makubwa kwenye boksi la kwenda ng'ambo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Asubuhi ya Juni pale Mildura, mji wa mashamba kusini mwa Australia, huuma masikio, na mwenye banda alikuwa amezima vipasha-joto viwili akisema umeme umepanda. Umeme ulikuwa umepanda kweli. Mshahara ndio uliobaki chini ukiutazama.

Mele Fifita alichelewa. Aliingia akifunga aproni, akasimama pembeni ya Carmel, akaanza kuchambua machungwa kimya. Mele ni Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, mwanamke mwenye mwili na sauti, na siku aliyokaa kimya mara ya mwisho ilikuwa siku ya kung'olewa jino. Carmel akamuuliza nani kafa.

"Wewe," Mele akasema. "Nimepita duka la vitabu asubuhi hii. Wanakufungasha kwenye boksi, shoga."

Mikono ya Carmel ikasimama. Machungwa manne yenye kovu yakapita kwenda ng'ambo.

Miaka mingi Carmel alikuwa akiandika kwenye meza ya jikoni, vyombo vikishaoshwa. Kilichotoka ni hadithi ya mauaji: tajiri mmoja wa mizabibu anakutwa amekufa kwenye mfereji wa umwagiliaji, mdomo umejaa zabibu kavu. Banda zima lilikijua kitabu hicho kabla hakijachapwa, na kila mmoja aliamini kwamba yule maiti ni bosi wake wa zamani. Mchapishaji mdogo wa Melbourne akakikubali. Vuli ya huko ilipoingia, mwezi Machi, kikasimama katika duka la vitabu la mjini, tawi la kampuni kubwa, kwenye rafu iliyoandikwa Wapya wa Kwetu.

Wenzake waliapa watakinunua. Lakini bei ya kitabu ni zaidi ya saa nzima ya kusimama kwenye mkanda, na kila siku ya malipo kodi ya nyumba ilifika kwanza, petroli ikafuata, kitabu kikaambiwa kisubiri. Wiki iliyopita walikubaliana: Alhamisi hii, malipo yakija na saa za ziada za mavuno, wote wanakwenda dukani. Leo ilikuwa Jumatano.

Na boksi lile halikuwa boksi tu. Philippa, mhariri wake, alishamweleza ukweli bila kuzunguka. Vitabu ambavyo duka limeshindwa kuviuza hurudishwa kwa mchapishaji, na mchapishaji hana ghala. Husagwa vikawa trei za mayai. Kitabu cha pili cha Carmel kilikuwa kwenye droo ya Philippa, kimekamilika. Cha kwanza kikirudi, cha pili hakitoki.

Kengele ya chakula ilipolia, Mele alikuwa tayari na ufunguo wa pikapu. Masuma, mwenzao wa mkanda, akaingia katikati akiwa na mkate wake mkononi. Alikuwa amefika mjini kutoka Kabul kupitia kambi mbili za wakimbizi na alikuwa hapendi kuachwa nyuma. Bi Beryl, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akapanda nyuma pamoja na kreti tupu na kitambaa chake cha kichwa. Msimamizi akawauliza wanakwenda wapi. Mele akamjibu kwamba wanakwenda mazishini, na wasipowahi, maiti atasagwa.

Dukani palikuwa na joto na harufu ya mishumaa. Nusu ya rafu ya Wapya wa Kwetu ilikuwa imeshajaa mishumaa hiyo, iliyomiminwa kwenye bilauri, kila mmoja una bei ya kitabu. Chini, sakafuni, maboksi mawili yalikuwa wazi. Moja lilijaa nakala za Carmel. La pili lilikuwa na mchanganyiko, kimoja kimoja: mapenzi ya mfuga kondoo na daktari anayezuru wagonjwa kwa ndege, mapishi ya bibi mmoja wa Darwin, maisha ya mcheza mpira aliyevunjika goti, mizimu ya migodi ya dhahabu, mazimwi ya kisiwa cha Tasmania, kitabu cha watoto, na kijitabu chembamba cha mashairi. Wote waandishi wa nchi hii, wote wapya, wote wanarudi.

Meneja, Brayden Hoskin, alikuwa amepiga magoti na selotepu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemkaribisha Carmel siku ya kwanza na kumpiga picha. Alieleza, bila kumtazama usoni, kwamba amri imetoka makao makuu: kila kitabu kipya kina wiki zake, zikiisha bila mauzo ya kutosha kinaondoka. Lori linakuja saa hiyo hiyo. Carmel akamwomba siku moja tu, mpaka Alhamisi, akamweleza habari ya malipo. Brayden akasema angependa.

"Lakini mfumo umeshavitoa, Bi Carmel. Kwenye kompyuta vitabu hivi havipo."

"Mbona mimi naviona?"

"Unaviona wewe. Mfumo hauvioni."

Carmel akaangalia lile boksi. Aliona jina lake limejirudia mgongo kwa mgongo, limelala chali, kama machungwa yenye kovu. Akakumbuka kitu kingine alichoonywa na Philippa kabla ya uzinduzi: asije akatia saini vitabu vya dukani bila ruhusa ya meneja, kwa sababu kitabu kikishaingia wino wa kalamu hakirudishwi. Mchapishaji hakipokei. Duka likae nacho mpaka kiuzike.

Akakaa sakafuni, aproni na yote, akaivuta kalamu ya kuandikia maboksi kutoka mfukoni. Akatoa nakala ya juu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika jina lake kubwa kama anavyoandika kwenye shehena ya kwenda ng'ambo.

Brayden alichelewa kuelewa. Alipoelewa, selotepu ilimtoka mkononi.

"Bi Carmel, weka kalamu chini."

"Nikimaliza."

"Nitafukuzwa kazi mimi."

"Wapigie uwaulize," akasema Mele. "Sisi tupo hapa hapa, hatuna pa kwenda mpaka kengele."

Brayden akakimbilia simu ya kaunta, akapiga makao makuu. Simu ikaanza kumpigia muziki na sauti ya mwanamke ikimwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao. Brayden akasimama palepale, waya umemfunga kama mbuzi, akitazama. Mele alikuwa anafungua vitabu, Carmel anatia saini, Masuma anafunga, Bi Beryl anarudisha rafuni na kuisukuma mishumaa pembeni kwa kiwiko. Ule ulikuwa mkanda, na hao walikuwa watu wa mkanda. Hakuna kazi duniani waliyoijua vizuri zaidi. Boksi la kwanza likaisha hata muziki haujabadilika.

Mele akanyoosha mgongo, akalitazama boksi la pili.

"Na hawa?"

Carmel akasema hawa si wake. Mwenye mapishi yuko Darwin, mwenye mazimwi yuko kisiwani kwake, pengine leo wako kazini kama wao wala hawajui. Akaitazama kalamu. Kisha akasema kwamba wino hauulizi ni wa nani.

Mele akachukua mapishi ya bibi wa Darwin, akapitisha macho ukurasa wa nyama ya nguruwe, akaandika juu yake kwamba chumvi haitoshi, akatia jina lake kamili.

"Ukiandika umenunua!" Brayden akapaza sauti kutoka kwenye simu.

"Sawa, nimenunua. Niwekee."

Akaonyesha tangazo la zamani juu ya kaunta, lenye pembe zilizojikunja. Kila mtu mjini alilijua: toa chochote ulicho nacho, bidhaa inawekwa kando kwa jina lako mpaka umalize kulipa, na hakuna wa kuigusa. Hivyo ndivyo watu wa pale walivyonunua sare za shule na baiskeli za Krismasi katika maduka mengine. Hakuna aliyewahi kufikiria kuwekewa kitabu.

Masuma akachagua mapenzi ya mfuga kondoo, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, kwa mwandiko ambao duka hilo halijawahi kuuona. Akaongeza mcheza mpira kwa ajili ya mumewe, ambaye naye alikuwa na goti. Bi Beryl akachukua mizimu, na cha watoto kwa mjukuu. Carmel akachukua mazimwi. Kila mmoja akamwaga sarafu zake za chakula cha mchana juu ya kaunta, na Brayden, sikio moja bado kwenye muziki, akalazimika kuwaandikia risiti mmoja mmoja, kwa sababu tangazo lilikuwa la duka lake.

Mlango ukafunguka. Dereva wa lori akaingia akisukuma kitoroli, mwanamume mwenye haraka, akasalimu, akauliza mzigo wa kurudi uko wapi.

Wote wakatazama sakafuni. Ndani ya boksi la pili kilibaki kile kijitabu cha mashairi, peke yake, chembamba hata hakikuujaza upande mmoja. Wanawake walikuwa wameishiwa sarafu. Kengele ya banda ilikuwa imeshalia, hilo walilijua bila kuisikia, na msimamizi angewakata nusu saa, hilo pia walilijua.

Brayden alikitazama kijitabu. Akaitazama simu, yule mwanamke alikuwa akimwambia tena kwamba yeye ni muhimu sana. Akaiweka simu chini, polepole, mahali pake. Akaja, akachutama, akaomba kalamu. Carmel akampa. Akaandika jina lake lote, na la katikati, ambalo hakuna aliyelijua. Akaitafuta sarafu mfukoni mwake, akaiweka juu ya kaunta pamoja na zile nyingine.

Kisha akayafunga maboksi yote mawili kwa selotepu, vizuri, pande zote, akayapandisha kwenye kitoroli. Dereva akayainua kidogo kwa ncha ya kiatu, yakaruka.

"Hakuna kitu humu, mzee."

"Peleka hivyo hivyo," Brayden akasema. "Mfumo unaviona humo. Waambie wahesabu."