Mugumo wa Kanja na Matoka ya Wamuyu

Asubuhi hiyo Wamuyu aliinjika chai, akaiepua, akaiinjika tena. Wageni walikuwa hawajafika, mpima ardhi naye hajafika, na ni vigumu kukaa kitako ukingoja watu wa aina mbili. Alitoka kuangalia mpaka wa shamba, akarudi. Akatoka tena.

Wageni walikuwa wanakuja kuona mugumo, mti mkubwa wa kijiji cha Kanja. Zamani mwalimu mmoja kutoka Japani alifundisha hesabu hapo Kanja, na wakati wa mapumziko aliwakalisha watoto chini ya mti huo akawafunza mashairi ya kwao, haiku, ya mistari mitatu: silabi tano, saba, tano. Alipoenda kwao, watoto waliacha. Mti haukuacha. Mpaka leo hudondosha jani lenye haiku iliyoandikwa kwa mishipa ya jani lenyewe, tena kwa Kiswahili, maana ndicho mwalimu alichokuwa akijifunza. Watu wa Kanja wamezoea. Mbuzi pia wamezoea, na huyala majani yenyewe.

Anayewasomea wageni majani hayo ni Njoka, ndugu ya marehemu mume wa Wamuyu, anayepakana naye shamba. Ana sauti nzuri, na ana koti.

Wiki hiyo matoka yalikuwa yamesogea. Matoka ni yale maua yenye kitunguu kikubwa ardhini, ambayo watu wa huku hupanda mpakani. Hakuna anayethubutu kuyang'oa, kwa hivyo yalipo ndipo mpaka ulipo, na hakuna anayeuliza. Sasa yalikuwa yamelipita shamba la nduma, yaani magimbi, la Wamuyu kando ya mto, lile linalomlisha, yakaliacha upande wa Njoka.

Wageni walifika, wakakaa. Mpima ardhi alifika, naye akakaa, kwa sababu kulikuwa na chai. Jani likaanguka begani mwa Njoka. Akasoma:

Matoka saba
yamehama usiku
bila miguu.

Wageni wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Kijapani alihesabu kwa vidole, akainamisha kichwa mbele ya mti.

"Umesikia?" Wamuyu akamwuliza mpima ardhi.

"Nimesikia, mama. Ni tamu."

Jani la pili likaanguka. Njoka si mtu wa kuruka mistari:

Jembe la Njoka
limejaa udongo
wa kwa shemeji.

Jembe lenyewe lilikuwa limeegemezwa shinani. Mgeni mmoja akalipiga picha.

"Njoka ni nani?" akauliza.

"Ni mimi," Njoka akasema, akafunga vifungo vya koti, akasimama kando ya jembe lake apigwe picha vizuri.

"Basi rudisha, shemeji," Wamuyu akasema. "Umejisomea mwenyewe."

"Hilo ni shairi, shemeji. Ongezea wageni chai."

Wamuyu akamgeukia mpima ardhi. "Mti umesema."

"Umesema, ndiyo. Lakini haujatia sahihi."

Mzee wa Kijapani alinong'ona na mkalimani wake. Mkalimani akasema mashairi yote ni mazuri, ila yana kasoro moja kubwa: hakuna neno linaloonyesha majira ya mwaka, na haiku haikamiliki bila hilo. Watu wote waliutazama mti kwa masikitiko. Mpima ardhi akamaliza kikombe, akateremka mtoni, akapima akifuata matoka, kama alivyofundishwa.

Mvua ilikuja. Matoka yalishika vizuri mahali papya, yakachanua meupe. Wageni wengine walipofika, wakiwa na yule mzee tena, Wamuyu hakuweza kukaa. Alizunguka mti, birika mkononi, akimimina vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa. Jani likaanguka. Njoka akasoma:

Mwezi wa nne
nduma zinachipuka
upande wake.

Makofi yalikuwa marefu kuliko siku zote. Mzee wa Kijapani alifuta machozi. Majira yalikuwemo.

Wamuyu alihesabu kwa vidole. "Silabi zimetimia," akasema. Akabeba mtungi, akaenda kuchota maji kwa kuzungukia barabarani, maana njia ya mkato sasa ilikuwa ya Njoka.