Masazo Chini ya Picha ya Ruthu

Wanaiita sanaa. Mimi mlinzi nimesimama mbele yake siku kumi na moja, saa kumi na mbili kwa siku, bila kiti, kwa hiyo naijua kuliko hao waliokuja kuipiga picha kwa simu. Ni karatasi ndogo tu, wino mweusi, kazi ya Mholanzi aliyechonga bamba la shaba zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Ruthu ameinama nyuma ya wavunaji, anaokota masuke. Boazi, mwenye shamba, amenyoosha mkono: mwacheni aokote. Iko ukumbini kwenye hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, huku Uarabuni. Madam Lamees, mwenye maonyesho, aliwaambia wageni huku machozi yakimlengalenga, "Tazameni huruma hii."

Severina, mfagizi wetu kutoka Karatu, aliitazama akacheka. "Kaka Gerishom, huyu mchoraji hajawahi kuokota. Mgongo ulioinama tangu alfajiri haukai hivi! Mimi nimeokota ngano nyuma ya mashine tangu nina miaka sita. Mwenye shamba akishaondoka, kilichobaki ni chetu. Na huombi. Ukiomba unamwita mchoyo."

Mchana wa siku ya mwisho wageni walitoka, mikate waliyoandaliwa ikabaki mezani. Severina alingoja mpaka Madam akaingia kwenye lifti, kama walivyongoja mwenye ngano kwao, ndipo akajaza sinia, akapita nalo katikati ya ukumbi kichwa juu.

Supavaiza Adib akamdaka mlangoni. "Mwizi!"

"Mwizi gani, sir? Si mwenyewe ameshaondoka!"

Alidhani amejitetea. Adib akasikia amekiri. Akampigia Madam, akarudi na jibu: "Madam amesema khalas, basi, arudishwe kwao." Yule wa machozi.

Mimi nikaletewa karatasi ya ushahidi. Niliandika nilichokiona: alibeba wazi. Adib akaichana. "Andika alificha. Ama yalla, haya, mpande ndege nyote wawili."

Nina watoto watatu Vihiga. Niliandika alificha.

Severina alinikuta nje, gari la kampuni likimsubiri na begi lake ndani.

"Umeandika nini, kaka?"

"Kwamba ulificha."

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana, maana hilo ningelisahau.

"Mikate miwili kwenye lile sinia ilikuwa yako," alisema, akapanda gari.