Vigae vya Pembe Tano

Mjomba, fundi vigae, alikuwa na kauli moja kuhusu hisia za mpwa wake: tumbo halijengi nyumba. Na hakukosea. Mwezi uliopita binti huyo alisimamisha kazi siku nzima akidai ukuta wa bafu una unyevu ndani. Ukuta ukabomolewa, ukakutwa umekauka kau. Akarudishwa kuchanganya saruji. Leo ndiyo kwanza amepewa tena mwiko, kwa sharti kwamba akileta tena mambo ya tumbo, beleshi litakuwa lake daima.

Wakafika kwa mwalimu mstaafu wa falsafa, aliyejinunulia mwenyewe vigae vya sebule: vya pembe tano, pande na pembe zote sawa, vizuri ajabu. Binti akashika kimoja, akakigeuza. Papo hapo akajua. Hakuwahi kuona vya namna hiyo, wala hakuwa amepima chochote.

Aliogopa kweli, na beleshi lilikuwa limeegemea mlangoni.

"Mjomba, hivi havitakaa. Vitaacha mapengo."

"Tumbo limeanza!" Mjomba akacheka bila furaha. "Vya pembe nne vinakaa. Vya sita nimevipanga kwa mkono huu, vikakaa. Vya tano vishindwe na nini?"

Hilo nalo neno. Binti akakigeuza tena kigae.

Mwalimu akavua miwani. "Mwanangu, unakisia?"

Binti akajichunguza. "Hapana, mwalimu. Siku ya ukuta nilikisia, tumbo lilinisokota. Leo limetulia tuli. Ni kama naviona vikikataa. Sababu tu ndiyo sina."

"Nimelifundisha jambo hilo, kujua kabla ya sababu, miaka thelathini, na sijui linatoka wapi," mwalimu akasema. "Lakini mwenye kuona naye hukosea. Tujaribu."

Wakapanga vitatu sakafuni, bila saruji, ubavu kwa ubavu, ncha zikikutana. Ukabaki mwanya mwembamba. Mjomba akachukua cha nne, akakisukuma, akakigeuza, akahamia upande mwingine, jasho likimtoka. Mfa maji haachi kutapatapa. Mwanya ukabaki palepale.

Mchana duka lililomuuzia mwalimu likabadilisha maboksi, vikaja vya mraba. Mjomba akakohoa.

"Haya, mwenye macho. Tunaanzia kona ipi?"

Binti akaitazama sebule. "Sijui, mjomba. Ngoja kwanza nipime."

Safari hii mjomba alicheka kwa moyo wote. Akalichukua beleshi yeye mwenyewe, akatoka nje kumchanganyia saruji.