Kigari cha Mkurugenzi Kwenye Njia ya Wodi ya Wazazi

Asubuhi ile kigari cha umeme cha Mkurugenzi wa hospitali, cha aina ile wanayopanda wacheza gofu, kilikuwa kikienda polepole kiasi kwamba konokono mmoja aliyekuwa ukutani alikipita, akapotea mbele. Konokono hakuwa mwajiriwa. Waliokuwa waajiriwa, pamoja na wagonjwa wao, hawakuthubutu kukipita. Amri hiyo haikuandikwa popote, lakini mpishi mmoja aliwahi kukipita na toroli la uji, na wiki iliyofuata akajikuta amehamishiwa mochwari, ambako hakuna anayeagiza uji.

Njia ya kwenda wodi ya wazazi ilikuwa hiyo hiyo moja: huku ukuta, huku bustani ya maua aliyoipanda Mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe. Nyuma ya kigari ilikuwa imejipanga foleni ndefu. Mbele ya wote, kwenye kiti cha magurudumu kilichosukumwa na mama yake mzazi, alikaa mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Nyuma yake alirukaruka mgonjwa mwenye mguu wa plasta, na mwisho kabisa lilikuja toroli la nguo chafu.

Mwanamke huyo alikuwa mke wa fundi wa hospitali, na fundi huyo ndiye aliyeitwa mbio kutazama kwa nini kigari hakichanganyi mwendo. Wenzake walimwita Fundi Hatua. Alisomea ufundi chuoni, akatoka na imani moja: kila ubovu una mpangilio wake wa kuuchunguza, na anayeruka hatua hujitafutia balaa. Alipofika na kuona ni nani aliyekwama nyuma ya kigari, roho ilimruka.

"Mheshimiwa, naomba tusimame kidogo," alisema, akitembea ubavuni.

"Mkurugenzi hakwami, fundi," Mkurugenzi alijibu. Alikuwa mtu wa mwili. Alikijaza kiti chote, na dereva wake alikuwa amebanwa pembeni kama kitabu cha mwisho kwenye rafu. "Nikisimama watasema nimekwama. Tengeneza huku tukienda."

"Tukienda wapi?" mama mkwe aliuliza kutoka nyuma. "Mbona hatuendi?"

Fundi Hatua alitoa mita yake mfukoni. Hatua ya kwanza ni betri. Aliinama, akazipima kupitia tundu la kuchajia, na mshale ukasimama pale unapotakiwa.

"Betri zina afya," alitangaza.

"Na mkeo je?" alisema mama mkwe.

Hatua ya pili ni swichi kubwa ya umeme. Alimwomba dereva aachie eksileta kisha akanyage tena, akatega sikio. Swichi iliitika: tak. Hatua ya tatu, breki. Aligusa gurudumu moja baada ya jingine. Yote yalikuwa ya baridi, kwa hiyo hakuna breki iliyokuwa ikikamata.

"Baba wee!" mkewe alipiga ukelele, akaushika mkono wa kiti. "Bado hatua ngapi?"

"Zinakwisha, mke wangu. Vumilia."

"Mimi navumilia. Huyu wa ndani ndiye asiyejua kupanga foleni!"

Fundi alilala kifudifudi kwenye sakafu ya kigari, kichwa miguuni pa dereva, achunguze eksileta. Ilishuka vizuri, bila kunasa.

"Nimekanyaga mpaka mwisho, kaka," dereva alimnong'oneza. "Nikizidisha nitatokea chini nianze kutembea mwenyewe."

Ikabaki waya, ule unaopeleka habari kutoka eksileta hadi kontrola, kisanduku kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani. Fundi aliufuata kwa kidole taratibu, kutoka miguuni, ukapanda ubavuni, ukapinda, ukaingia chini ya kiti. Hapo kidole kikakutana na Mkurugenzi.

"Vipi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Waya unaingia chini yako, Mheshimiwa. Kuna kitu kimeukandamiza, kwa hiyo kontrola inadhani dereva amegusa tu eksileta."

"Kitu gani?"

Dereva aliyakazia macho maua.

"Ni... uzito wa madaraka, Mheshimiwa."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Nami huusikia," alisema. "Hasa jioni." Wala hakusogea.

"Mwambie ainuke!" mke wa fundi alipasua anga. "Ameukalia huo waya! Mkiendelea na adabu zenu, mwanangu atazaliwa kwenye msafara!"

Fundi Hatua aliitazama mita mkononi. Ule waya alikuwa hajaupima, na chuoni walimkataza kutamka ubovu kabla ya kuupima. Alipiga moyo konde, akairudisha mita mfukoni.

"Mheshimiwa, umeukalia. Naomba ushuke."

Mkurugenzi alishuka, na kwa kuwa upande wa pili ulikuwa ukuta, alishukia katikati ya maua yake. Alipojiona amesimama mbele ya watu wengi, mazoea yakamshika. "Ndugu wafanyakazi," alianza, "changamoto tunazozipitia..."

Fundi aliinua upande wa kiti aliokuwa ameukalia Mkurugenzi. Waya ulikuwa umekuwa bapa kama utepe. Aliuvuta kando, ukaachia. Bahati mbaya dereva alikuwa bado amekanyaga mpaka mwisho. Kigari kilichomoka kama mbuzi aliyekata kamba, dereva akiita mama yake, kikakata kona na kutoweka.

Foleni ikaduwaa. Mbele njia nyeupe. Pembeni Mkurugenzi akihutubia.

"Amri ni ya kigari, si ya mtu!" mama mkwe alisema. "Kigari kimeshatangulia. Twendeni!"

Fundi alishika kiti cha mkewe akakimbia nacho, na foleni ikamfuata kwa mpangilio ule ule, kila mmoja nyuma ya mwenzake.

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, akisikia sauti ya mkewe ikimlaumu kupitia mlango, Mkurugenzi alipofika kwa miguu nyuma ya toroli la nguo chafu. Alikaa kando yake, akitweta.

"Kigari kiko wapi?"

"Kwenye kamba za kuanikia nguo. Dereva ni mzima, anajivua mashuka."

"Kwa hiyo ubovu ulikuwa mimi."

"Ni waya, Mheshimiwa. Nitaupitisha pembeni."

"Fundi. Ni mimi?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Mkurugenzi alifungua mdomo, lakini kilio chembamba, chenye hasira, kilimtangulia kutoka ndani. Mlango ukafunguliwa.

"Msichana," mama mkwe alisema. "Na mama yake mzima, anakuulizia kwa maneno nisiyoweza kuyarudia. Ingia, baba. Viatu hivyo vya grisi vua hapo nje."

Fundi Hatua alivua kimoja, akaingia.