Kumkabidhi Bibi Harusi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Nyoka alipata riziki yake kwa swila. Yeye alimchezesha, mumewe akapiga ngoma, na watoto wa shule wakapiga mayowe. Swila mwenyewe walimwita Bibi Harusi, maana alipofunuliwa kapu alijivuta kwanza, kisha akainuka taratibu na kutanua shingo, watu wakishangilia.

Likaja katazo: nyoka wote wa maonyesho wakabidhiwe ofisi ya wanyamapori, na atakayekaidi atafungwa. Mume alitaka wamfiche uvunguni.

"Siri ya wawili tu si siri," mkewe akamwambia. "Hii yetu inajulikana mtaa mzima."

Akambeba kapuni hadi ofisini. Ofisa, kijana mwenye miwani, alimtambua.

"Shikamoo, mama. Uliwahi kuja shuleni kwetu. Nilijikojolea!"

"Marahaba, mwanangu. Basi unamjua. Mnampeleka wapi?"

"Msituni, akaishi na wenzake."

"Wenzake gani? Huyu tunamng'oa meno kila yanapoota. Panya namuulia mimi, namshikia mkia hadi ammeze. Huko nani atamuulia?"

Ofisa aliacha kuandika. "Yataota tena, mama."

"Na njaa itasubiri yaote?"

"Amri haikutoka kwangu." Akamsogezea fomu. Penye hali ya mnyama alishaandika: nzuri. Mama Nyoka akatia sahihi.

Siku ya tisa ofisa alipiga simu. Swila alitoka msituni, akaingia uani kwa watu waliokuwa wakitwanga. Hakukimbia. Aliinuka mbele yao, akatanua shingo, akangoja. Wakampiga kwa michi hadi akafa.

"Pole sana, mama. Nimeona nikwambie mwenyewe."

"Umefanya vyema," akasema, akakata simu.

Mumewe alikuwa anakula. Aliposimuliwa, alisukuma sahani, akanawa.

"Alikuwa amekonda?"

"Sikuuliza."

Ngoma ikauzwa. Mume hushinda kitandani, uso ukutani, na akisemeshwa huitikia "mmh" tu. Mama Nyoka alipata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Shuka zito hukamuliwa na wawili, kila mmoja akisokota upande wake. Lakini wafuaji wenzake waliposikia alikuwa nani, hakuna aliyetaka kushika nguo moja naye. Yeye hufunga ncha moja kwenye bomba, akasokota nyingine peke yake, na maji humchuruzikia miguuni hadi saa ya kutoka.