Miezi Isiyo na Mvua

Hasira zangu ziko karibu, na Mzee Henry Nzomo alizijua kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi katika ofisi yetu ndogo ya maji pale Mumbuni, akanivumilia miaka sita, na kila siku saa saba mchana akanigawia muthokoi, mahindi na maharagwe aliyopikiwa na mkewe Nzembi, kutoka kwa mkebe wake. Nilimpenda. Hilo halikunizuia kumkasirikia.

Mwaka 1971 aliandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya Fortran, ya kukadiria kina cha silanga, yale mabwawa tunayochimba kukinga maji ya mvua. Enzi hizo programu ilitobolewa kwenye kadi, naye alizibeba hadi Nairobi kwa sanduku la viatu. Mwaka 2001 tuliletewa kompyuta mpya, nami nikapewa kazi ya kuihamishia programu hiyo huko. Kompaila ya kisasa, ile inayoitafsiri programu kwa lugha ya mashine, iliipokea bila kulalamika hata neno. Ila silanga ya Mitaboni, ambayo kwa hesabu ya zamani ilitakiwa mita sita, sasa ilitosha kwa mita nne.

"Iko makosa," Mzee alisema. "Mita nne itakauka hata kabla ya Septemba."

"Mashine imekubali, Mzee. Wewe tu ndiye umekataa."

Wiki tatu aliinamia karatasi na penseli, akiifuata programu mstari kwa mstari. Hakupata kitu. Mimi nilipita nyuma yake nikiguna. Jumatatu moja akaweka penseli chini.

"Mbinya, mwiitu wakwa, binti yangu, labda ni mimi. Ndugu yangu alianza hivi hivi, akisahau vitu kidogo kidogo, mpaka akasahau watoto wake. Nzembi amenitafutia daktari, tunaenda Alhamisi. Wewe andika nne. Nitasaini."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Mzee huyu hakuwahi kusaini kitu asichokiamini, na sasa alikuwa tayari, kwa sababu hakujiamini tena yeye mwenyewe.

Sikula siku hiyo. Niliiagiza mashine ichapishe maji ya silanga mwezi kwa mwezi. Mei ilikuwa na siku mbili za mvua, na jua lilikuwa limepunguza maji vizuri tu. Juni haikuwa na mvua hata siku moja, na maji yalibaki pale pale. Julai, pale pale. Agosti, pale pale! Jua gani hilo la Ukambani lisilokunywa maji wakati wa kiangazi?

Nikarudi kwenye programu. Mzee alikuwa ameweka hesabu ya jua ndani ya mzunguko wa siku za mvua, yale maagizo yanayorudiwa mara moja kwa kila siku ya mvua, ifanyike katika zamu ya kwanza. Mashine za wakati wake ziliingia kila mzunguko angalau mara moja, hata kama siku za mvua ni sifuri, na waandishi wa programu walilitegemea jambo hilo. Kompaila yangu ilipoona sifuri iliuruka mzunguko mzima, jua likiwa ndani yake.

Nikafungua kitabu cha kompaila kwenye sura ya programu za zamani, ile niliyoipita kwa dharau. Chaguo lenyewe lilikuwa hapo: -fonetrip, ingia kila mzunguko angalau mara moja. Nikaliongeza, nikaiendesha programu upya. Mita sita.

Nilimwita, nikamwonyesha, nikamweleza yote.

Aliikodolea macho ile sita. "Kwa hivyo si kichwa yangu?"

"Si kichwa chako, Mzee. Ni mimi. Hii sura sikuisoma. Nisamehe."

Alivua miwani akaifuta kwa shati, polepole mno. "Wiki tatu, Mbinya. Kila nikilala najiuliza, Nzembi nitamsahau lini."

Nikalia. Akanisukumia kitambaa chake, kisha akavuta simu ya ofisi akapiga nyumbani.

"Nzembi? Ile hesabu ilikuwa sawa. Ndiyo, sita... Hapana, kwa daktari tutaenda tu, nimekubali. Lakini usinishike mkono kama mgonjwa. Unishike tu vile ulikuwa unanishika."

Nilitoka nje nikawaachia simu yao.